Kijiji Sio Mtu Mmoja

Wasomaji wangu, kuna sentensi moja ambayo sisi waandishi wa habari tunaipenda kupita kiasi: "Wanakijiji wamesema." Mimi mwenyewe nimeiandika mara nyingi. Niliwahi kwenda kijiji kimoja kuandika habari ya kisima. Nikaongea na mwenyekiti, mwenye duka na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, kisha nikapanda basi kurudi mjini. Wachota maji sikuwauliza. Aibu hiyo imenirudia wiki hii nikisoma habari za Rampura.

Rampura ni jina la kubuni ambalo msomi M. N. Srinivas alikipa kijiji kimoja karibu na Mysore, kusini mwa India. Alihamia huko mwaka 1948, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu uhuru. Kijiji kilikuwa na watu 1,523. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Ichambue sasa: mlikuwa na matabaka 19 ya Kihindu, yale ambayo mtu huzaliwa nayo na kufa nayo, na pia Waislamu. Wakulima wa tabaka la Okkaliga walikuwa 735, karibu nusu ya kijiji. Walikuwepo wachungaji, wahunzi, wafinyanzi, vinyozi na wafua nguo, kila mmoja na kazi aliyorithi kwa baba yake. Wengi walilipwa nafaka wakati wa mavuno. Wale walioitwa "wasioguswa" waliishi kando, peke yao.

Kidini, Brahmin ndiye aliyekuwa juu. Lakini wenye kauli walikuwa Okkaliga, kwa sababu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa mikononi mwao. Srinivas akawapa jina ambalo hadi leo halijasahaulika: tabaka tawala.

Mwaka huo huo wa 1948, Bunge la Katiba mjini Delhi lilikuwa likibishana kuhusu vijiji. Wafuasi wa Gandhi walitaka kijiji kiwe msingi wa taifa. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa hao wasioguswa, alikataa katakata. Kwake kijiji kilikuwa shimo la ujinga na ubaguzi. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu kwa misingi hiyo. Kuifuta desturi yenyewe ni kazi nyingine, na haijaisha.

Mwaka 1970 moto uliowashwa makusudi uliteketeza maandishi aliyoyachambua Srinivas, akiwa Stanford, Marekani. Akaamua kuandika kwa kumbukumbu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1976. Ninachompendea ni kwamba alikiri: yeye ni Brahmin, alikaa jirani na wakubwa, na kijiji alikiona zaidi kwa macho yao.

Msomi aliyekaa miezi kadhaa anakiri hivyo. Mimi niliyekaa saa tatu niliandika "wanakijiji wamesema" bila hata kupepesa macho!

Tangu sasa nikiingia kijijini nitauliza kwanza: nani ana ardhi hapa? Nani anakaa pembeni? Nani hajaitwa mkutanoni? Na nyinyi mkiona nimesahau, msinionee haya. Niambieni.