Kijiji cha bonsai: historia ya kikundi kilichoanza baada ya tetemeko

Mmezoea tuzungumzie mbegu, mbolea na masoko. Leo tuangalie historia ya Wajapani waliojenga kijiji kizima kwa kutunza miti ya kwenye vyungu. Usiache kusoma ukidhani hayakuhusu, kwa sababu hii ni habari ya kikundi kama hicho ulichomo wewe.

Kwanza, bonsai ni nini? Si mbegu ya mti mfupi. Ni mti wa kawaida, kama msonobari, ambao porini ungekuwa mrefu kuliko nyumba yako. Mtunzaji hupogoa matawi, huyakunja kwa waya, na kila baada ya miaka michache huutoa mti kwenye chungu, hupunguza mizizi na kubadilisha udongo. Tena, msonobari mweupe wa Japani mara nyingi huunganishwa kwenye shina la msonobari mweusi, kama sisi tunavyobebesha miembe.

Kazi hii asili yake ni China. Kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, la mwaka 706, lina michoro ya watumishi waliobeba vyombo vyenye mimea midogo. Wajapani waliichukua wakaiendeleza kwa namna yao.

Sasa tuje kwenye kikundi chetu. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa liliipiga Tokyo na Yokohama. Moto ukafuata, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Watunza bonsai wa Tokyo wakabaki na swali: tuanze upya hapahapa kwenye msongamano, au tuhame? Baadhi yao waliamua kuhama pamoja. Walitafuta kwanza vitu ambavyo hata wewe ungevitafuta kabla ya kuweka kitalu: udongo mzuri, maji safi na nafasi. Wakavipata Omiya, kaskazini mwa Tokyo, wakaanza makazi mwaka 1925.

Mwaka 1928 wakajiwekea masharti. Yasome taratibu:

1. Kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10.
2. Kila mkazi awe tayari kumfungulia bustani yake yeyote anayetaka kuona.
3. Asijenge nyumba ya ghorofa.
4. Uzio wake uwe wa mimea hai.

Ni masharti mafupi, lakini yamebeba mengi. La kwanza linazuia mtu kuwa mwanachama wa jina tu. La pili linaleta wateja: mgeni akija kwa mmoja, anapita kwa wote. La tatu linalinda jua la jirani. Kufikia miaka ya 1930 katikati, bustani zilikuwa zimefika kama 30.

Kisha vikaja vita vya pili vya dunia. Vijana wakaenda jeshini, na nchi ikataka chakula, si miti ya mapambo. Mti wa kwenye chungu hauvumilii. Udongo wake ni kidogo, na siku ya jua kali ukisahau kumwagilia unaweza kuupoteza. Bustani nyingi zilikufa. Kyuzo Murata, wa bustani ya Kyuka-en, alikuwa miongoni mwa wachache walioendelea kutunza miti. Vita vilipokwisha, Wamarekani waliokuwa Japani wakaanza kuja kutazama, na kazi ikafufuka. Mwaka 1989 Omiya ilipokea mkutano wa kwanza wa dunia wa bonsai, na mwaka 2010 ikafunguliwa makumbusho ya bonsai.

Hata hivyo, leo bustani zilizobaki kijijini hapo hazifiki 10. Hapo ndipo pa kufikiria. Masharti yalisaidia kijiji kisimame, lakini mti unaoishi kuliko mwenye nao unahitaji mrithi. Mfano ni msonobari wa familia ya Yamaki, uliotunzwa tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Umefika hapo kwa sababu kila aliyeuacha alimwachia mtu aliyejua kuumwagilia.

Kwa hiyo, kikundi chako kikikutana, fanyeni mambo matatu. Andikeni masharti machache ambayo kila mmoja anaweza kuyatimiza na kila jirani anaweza kuyaona. Panga siku ya wateja kutembelea vitalu vyote, si cha mwenyekiti peke yake. Na kila mwenye kitalu ataje kijana mmoja anayemfundisha kubebesha na kupogoa. Asiye na jina la kutaja, aanze kumtafuta msimu huu.