Zumaridi za Wafalme na Neno "Zawadi"

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, wezi walipandisha ngazi ya lori hadi kwenye dirisha la Jumba la Makumbusho la Louvre, mjini Paris. Waliingia katika ukumbi uliohifadhi vito vya wafalme wa Ufaransa na baada ya dakika chache wakatokomea na vipande vinane. Miongoni mwa vilivyochukuliwa ulikuwamo mkufu wenye zumaridi 32 na almasi 1,138, pamoja na hereni zake, ambavyo Napoleon alimpa Marie-Louise wa Austria alipomwoa mwaka 1810. Mwendesha mashtaka wa Paris alikadiria thamani ya vitu vyote vilivyoibwa kuwa euro milioni 88.

Habari hiyo ilipofika darasani kwangu, mwanafunzi mmoja aliyezoea kukaa viti vya nyuma alinyoosha mkono akauliza: "Dokta, hao walioibiwa, wao walivipata wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilitabasamu, lakini swali lile lilinisindikiza hadi nyumbani. Lina mzaha ndani yake, na lina mtaala mzima wa historia ya uchumi wa dunia. Nilimwahidi jibu, na hili ndilo jibu lenyewe, ingawa limekuwa refu kuliko alivyotarajia.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Zumaridi nayo haikuanza safari yake shingoni mwa malkia. Ilianzia mwambani, mkononi mwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Ukiifuata kutoka mkono hadi mkono utagundua kwamba karibu kila ilipohama kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu, karani aliandika neno moja jepesi: "zawadi".

Tuanzie barani kwetu. Machimbo maarufu ya zumaridi ya dunia ya kale yalikuwa katika jangwa la mashariki mwa Misri, kati ya Mto Nile na Bahari ya Shamu. Yalichimbwa zama za wafalme wa ukoo wa Ptolemy, na baadaye chini ya Warumi, ambao walilipa eneo hilo jina la Mlima wa Zumaridi. Magofu ya makazi ya wachimbaji yapo hadi leo katika bonde la Sikait.

Mwandishi wa Kirumi, Pliny Mkubwa, ametuachia picha moja ambayo huwa nawasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Anasimulia kwamba alimwona Lollia Paulina, aliyewahi kuwa mke wa Kaisari Caligula, katika karamu ya kawaida tu ya uchumba. Bibi huyo alikuwa amefunikwa zumaridi na lulu kichwani, kwenye nywele, masikioni, shingoni na vidoleni, vyote vikiwa na thamani ya sesta milioni 40. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba alikuwa tayari kuonyesha papo hapo hati za kuthibitisha umiliki wake. Pliny anaongeza kwamba vito vile havikutoka kwa Kaisari. Vilikuwa urithi wa babu yake, Marcus Lollius, mtawala aliyejikusanyia "zawadi" za wafalme wa Mashariki hadi akafedheheka na kunywa sumu. Kwa maneno mengine, vilikuwa ngawira ya majimbo.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Lollia hakusema uongo. Hati alikuwa nazo, na kwa sheria ya Roma mali ilikuwa yake. Lakini hati huthibitisha mkono wa mwisho tu, wala haisemi chochote kuhusu mkono wa kwanza.

Somo la pili linatoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1537 msafara wa Gonzalo Jiménez de Quesada ulifika katika nyanda za juu za nchi tunayoiita leo Colombia na kupata habari za machimbo ya Chivor, ambayo watu wa Muisca waliyatumia kwa biashara na ibada. Machimbo tajiri zaidi yalikuwa upande wa pili, katika nchi ya watu wa Muzo. Hao walipigana na Wahispania kwa miongo kadhaa, na ni katika miaka ya 1560 tu ndipo wageni walipoanza kuyadhibiti machimbo yao. Wenyeji walilazimishwa kuchimba. Magonjwa, kazi ngumu na vita vikawapukutisha, na pengo lao likajazwa kwa watumwa kutoka Afrika. Mfalme wa Hispania alidai sehemu moja ya tano ya kila kilichopatikana, na kwa kuwa zumaridi ni kitu kidogo kinachofichika kirahisi, magendo yalishamiri tangu siku ya kwanza.

Nawaomba wasomaji watulie kidogo hapa, kwa sababu kuanzia wakati huo, kwa karne kadhaa, zumaridi bora kabisa zilizovaliwa na wafalme wa dunia zilitoka katika mabonde hayo machache. Zilivuka Atlantiki hadi Seville, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Lisbon, nyingine zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Goa. Kutoka Goa ziliingia katika kasri za watawala wa Kimughal wa India, walioipenda rangi ya kijani kwa mapenzi ya kidunia na ya kidini pia. Ipo zumaridi moja ya karati 217.80 iliyochongwa mwaka 1107 Hijria, yaani mwaka 1695 au 1696 Miladia, zama za mfalme Aurangzeb. Upande mmoja una dua kwa Kiarabu, upande mwingine una maua. Jiwe lilichimbwa Colombia, likachongwa India, likauzwa kwa mnada London mwaka 2001 na sasa limo katika jumba la makumbusho la Doha. Mwenye kudhani utandawazi ulianza na intaneti na alitazame jiwe hilo.

Wafalme walinyang'anyana wao kwa wao pia. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliiteka Delhi na kuondoka na hazina ya Wamughal. Miaka michache baadaye Sultani Mahmud I wa dola ya Uthmaniya alimtengenezea jambia la dhahabu lenye zumaridi tatu kubwa mpinini, kwa ajili ya kuimarisha amani kati yao. Nadir Shah aliuawa mwaka 1747 kabla zawadi haijamfikia, nalo jambia likarudishwa Istanbul, ambako lipo hadi leo katika kasri la Topkapi. Hiyo ilikuwa zawadi halisi, kwani aliyetoa alikuwa na uwezo wa kutotoa. Naomba tuishike kanuni hiyo, maana tutaihitaji.

Sasa twende Punjab. Mwaka 1849 Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki iliiteka dola ya Masingasinga. Mtawala wake, Duleep Singh, alikuwa mtoto wa miaka 10. Mkataba alioutia sahihi ulimvua ufalme na kumtaka aikabidhi almasi ya Koh-i-Noor kwa Malkia Victoria. Katika hazina ya Lahore ulikuwamo pia mshipi wa zumaridi 19 uliotengenezwa zama za Maharaja Sher Singh na ambao, kwa mujibu wa kumbukumbu za Waingereza wenyewe, ulitumika kupamba farasi. Mwaka 1851 Kampuni iliutoa kwa Malkia Victoria kama zawadi.

Tuipime zawadi hiyo kwa kanuni yetu. Je, mtoto wa miaka 10, huku jeshi la mshindi likiwa limezingira kasri lake, alikuwa na uwezo wa kutotoa? Na Kampuni, ilitoa kitu chake au cha mtu mwingine?

Miaka 60 baadaye, Desemba 1911, Mfalme George V na Malkia Mary walikwenda Delhi kusherehekea kutawazwa kwao mbele ya watawala wa India. Malkia alivaa seti ya zumaridi ambazo, kwa simulizi ya familia yake, bibi yake alizishinda katika bahati nasibu ya Ujerumani. Kwenye mkufu wake ilining'inia almasi ya karati 8.8, kipande cha Cullinan, jiwe kubwa lililochimbwa Transvaal mwaka 1905. Serikali ya Transvaal ililinunua kwa pauni 150,000 na mwaka 1907 ikampa Mfalme Edward VII kama zawadi, miaka mitano tu baada ya vita vya Makaburu kwisha. Waafrika waliochimba ardhi ile hawakuulizwa kitu. Mkufu mmoja, basi, ulibeba mabara kadhaa, na kila kipande kilikuwa na maelezo yake safi.

Hata hivyo, haki inanitaka nisiishie kwenye hasira. Wanaharakati wenzangu hupenda kusema: "Virudishwe!" Nami naunga mkono madai mengi ya aina hiyo. Lakini virudishwe kwa nani? Ranjit Singh, mwasisi wa dola ya Punjab, naye aliipata Koh-i-Noor mwaka 1813 kwa kumshinikiza Shah Shuja wa Afghanistan, mgeni aliyekuwa chini ya himaya yake. Na farasi waliovalishwa zumaridi walilishwa kwa kodi ya mkulima ambaye huenda hakuwa na viatu. Kumvua mfalme mmoja ili kumvisha mwingine si ukombozi. Katika simulizi hii nzima, mtu pekee ambaye hajawahi kuwa na hati ni yule aliyeshika sururu.

Zipo nchi zilizojaribu kulijibu swali la umiliki kwa njia ya sheria. Ufaransa, chini ya Jamhuri ya Tatu, iliamua mwaka 1887 kupiga mnada sehemu kubwa ya vito vya taji ili kuwakatia tamaa waliotaka kurejesha ufalme. Siasa yake ilieleweka, ila matokeo yake ni kwamba mali ya umma iliishia kwa matajiri na masonara, na karne iliyofuata taifa likawa linanunua upya kipande kimoja kimoja.

Mkufu wa Marie-Louise, ambao ulikuwa mali yake binafsi, ulibaki mikononi mwa familia na watu binafsi hadi Louvre ilipoununua mwaka 2004. Taji lililokuwa seti moja na mkufu huo lilinunuliwa na kampuni ya Van Cleef & Arpels mwaka 1953. Zumaridi zake 79 ziling'olewa zikauzwa moja moja, mahali pake pakawekwa feruzi, na leo taji hilo lipo Washington. Wezi wa 2025, kumbe, hawakuwa wa kwanza kuitawanya seti ile. Wa kwanza walifanya hivyo kwa risiti.

Iran ilichukua njia nyingine. Sheria ya mwaka 1937 iliviondoa vito vingi vya kifalme katika miliki ya Shah, vikawa mali ya taifa na dhamana ya sarafu yake, chini ya ulinzi wa benki. Malkia Farah alipotawazwa mwaka 1967, taji lake lenye zumaridi 36 ilibidi litengenezwe papo hapo Tehran, kwa kuwa vito havikuruhusiwa kutoka nchini. Mapinduzi ya 1979 yalimwondoa Shah, vito vikabaki benki. Sisemi kwamba wananchi wa Iran walitajirika kwa hilo. Nasema tu kwamba mtawala alipoondoka hakuweza kuondoka na hazina hiyo mfukoni, na hilo si jambo dogo kwa sisi tulioona watawala wakiondoka na mengi.

Leo taji limehama. Mgodi mkubwa kabisa wa zumaridi duniani, Kagem, upo kwa jirani zetu Zambia. Asilimia 75 ya hisa zake ni za kampuni ya Gemfields na asilimia 25 ni za serikali ya Zambia. Kwetu Tanzania, ambako zumaridi ziligunduliwa karibu na Ziwa Manyara miongo mitano na zaidi iliyopita, sheria za 2017 zilitamka kwamba maliasili ni mali ya wananchi na zikaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za migodi mikubwa. Mtu anaweza kubishana kama asilimia hizo zinatosha. Mimi nauliza jambo la awali zaidi: nani anaandika uzito wa jiwe linapotoka shimoni, na nani anaruhusiwa kusoma alichoandika?

Nauliza hivyo kwa sababu ya karani mmoja. Mwaka 1912, inavyoelekea kwa agizo la Malkia Mary, ofisi iliyosimamia India huko London iliandaa faili la kurasa 46 kueleza asili ya vito vya Kihindi vilivyokuwa kwa familia ya kifalme. Walioliandaa wangeweza kuandika "zawadi" kila ukurasa na kufunga jalada. Badala yake waliandika jinsi vitu vilivyochukuliwa Lahore, mshipi wa zumaridi ukiwamo. Faili likakaa kabatini. Mwaka 2023 gazeti la Guardian lililitoa hadharani, na Uingereza nzima ikasoma kwa lugha yake yenyewe kile ambacho Wahindi walikuwa wakikisema kwa vizazi.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi wangu wa viti vya nyuma: walivipata kwa upanga, kwa mkataba, kwa mnada, na mara chache kwa mapenzi. Tunajua hivyo kwa sababu mtu fulani, akiwa kwenye meza yake na mshahara wake mdogo, aliandika ukweli wakati ambapo uongo ungekuwa rahisi zaidi. Wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma. Kesho asubuhi mtafungua majalada ya leseni, mikataba na mizigo inayosafirishwa nje. Mkikuta neno "zawadi", au ndugu zake wa kisasa, "msaada" na "motisha kwa mwekezaji", ulizeni kama aliyetoa alikuwa na uwezo wa kutotoa. Kisha liandikeni jibu, hata kama litasomwa baada ya miaka 111.