Kozi ya Hisabati Isiyohesabiwa: Jinsi Vyuo vya Jamii vya Marekani Vilivyofupisha Njia

Leo nataka tuongee historia ya kitu kimoja ambacho kimekula miaka ya vijana wengi kule Marekani: kozi ya hisabati ambayo unailipia, unaifanya, unaifaulu, na bado haihesabiwi kwenye diplome yako.

Nilianza kuifuatilia juu ya mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Alifika Marekani mwaka 2016, ule mwaka ambao Wakongo walikuwa wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote waliopokelewa kule. Alikuwa na diplome yake ya État, opsio mat-fizik. Alipoenda kujiandikisha kwenye chuo cha jamii cha mji wake, walimkalisha mbele ya komputa, akafanya testi ya hisabati kwa Kiingereza ambacho bado hakuwa amekizoea. Matokeo: kozi tatu za maandalizi kabla ya kugusa hisabati ya chuo. Jioni akanipigia: "Yaya, banatufundisha tena fraksio. Mimi mwenye niko na diplome!"

Nilicheka. Baadaye nilipoifanyia hesabu ile njia waliyompa, nikaacha kucheka.

Kwanza tuelewane: chuo cha jamii si unive. Ni chuo cha umma cha miaka 2, karibu na nyumbani, bei yake nafuu. Ukimaliza unaweza kwenda kazini ao kuhamia unive kumalizia miaka miwili inayobaki. Cha zamani kuliko vyote vya umma ni kile cha Joliet, jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Mwaka 1944 serikali ilipitisha sheria ya kuwalipia masomo askari waliorudi vitani, na mwaka 1947 tume ya rais Truman ikasema vyuo vya namna hiyo vienee nchi nzima. Miaka ya 1960 vilifunguliwa kwa mamia. Kanuni yao ni moja: mlango wazi. Mwenye kumaliza sekondari anaingia, bila konkuru. Hata unive ya mji wa New York, ile inayoitwa CUNY, iliufungua mlango wake mwaka 1970, nyuma ya maandamano ya wanafunzi Weusi na wa Puerto Rico.

Sasa, ukifungua mlango kwa wote, unafanya nini na yule anayeingia bila kujua kugawanya fraksio? Jibu lao lilikuwa: mpime kwa testi, kisha mpe kozi za maandalizi. Nia haikuwa mbaya. Lakini mwaka kwa mwaka zile kozi zikawa ngazi ndefu: hesabu za msingi, kisha utangulizi wa aljebra, kisha aljebra ya kwanza, kisha aljebra ya kati. Kila kipandio ni semesta nzima. Na wakati huo msaada wa serikali wa masomo, unaoitwa Pell, unazidi kuliwa, juu nao una kikomo.

Muda mrefu watu walihesabu kitu kimoja tu: katika darasa hili wamefaulu wangapi? Asilimia 70? Vizuri, tuendelee. Mpaka pale Thomas Bailey na wenzake, kwenye kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii cha Teachers College, Columbia, walipouliza tofauti: kati ya wote walioambiwa waanzie chini, wangapi walifika mwisho wa ngazi? Mwaka 2010 wakatoa jibu. Kwa hisabati, ni karibu asilimia 33. Kwa walioanzia vipandio vitatu chini, kama mdogo wangu, ni asilimia 17. Na wengi hawakuanguka mtihani wowote. Walifaulu kozi moja, wakasema nitajiandikisha ya pili semesta ijayo, kisha mtoto akaugua, gari ikaharibika, kazi ikabadilisha saa. Hawakurudi. Wengine hata ya kwanza hawakuianza.

Fanyeni hesabu pamoja nami, juu hii njo roho ya jambo lote. Chukua wanafunzi 100. Tuseme katika kila kozi wanafaulu 70 kwa mia, na kati ya waliofaulu, 80 kwa mia wanajiandikisha kwenye kozi inayofuata. Si mbaya, hapo. Kozi ya kwanza wanafaulu 70. Wanaorudi ni 56. Wanafaulu 39. Wanarudi 31. Wanafaulu 22. Wanarudi 17 ao 18. Wanaofaulu ile hisabati yenyewe ya chuo: 12. Kila mwalimu kwenye njia hiyo amefanya kazi nzuri, hakuna wa kulaumiwa, na watu 88 wamepotea. Ukitaka kuwaokoa kwa kufundisha vizuri zaidi tu, utapandisha 70 iwe 80, na bado utawapoteza zaidi ya nusu. Dawa ni kuondoa vipandio.

Katie Hern na Myra Snell, walimu wawili wa vyuo vya jamii vya California, waliishika hesabu ya aina hiyo wakazunguka nayo jimbo zima. Snell alikuwa ameanza mwaka 2009, katika chuo chake cha Los Medanos, kozi moja ya maandalizi inayompeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye takwimu, ile tunayoita statistiki. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: anayetaka kuwa mfanyakazi wa jamii ao muuguzi, kwa nini akwamie kwenye aljebra ambayo hataigusa tena? Mwaka 2011 shirika la Carnegie likaleta Statway, inayounganisha maandalizi na takwimu ndani ya mwaka mmoja. Kule Texas, Uri Treisman akaanza kuchora njia tofauti za hisabati kufuatana na fani ya mwanafunzi.

Na ile testi yenyewe ikapimwa. Mwaka 2012 Judith Scott-Clayton alionyesha kwamba kwa hisabati, karibu mtu 1 kati ya 4 aliwekwa mahali pasipo pake kabisa. Pointi za sekondari zilitabiri vizuri kuliko testi ya komputa. Mdogo wangu aliposikia hilo alinyamaza muda.

Lakini mimi naamini zaidi jaribio la CUNY, juu lilifanywa kwa kura. Mwaka 2013, kwenye vyuo 3, walichukua wanafunzi 907 ambao testi ilisema waanzie aljebra ya chini, wakawagawa kwa bahati. Kundi la kwanza likafanya aljebra. La pili aljebra pamoja na saa za kusaidiwa. La tatu likaingizwa moja kwa moja kwenye takwimu za chuo, pamoja na saa za kusaidiwa. Wa kwanza walifaulu asilimia 39, wa pili 45, wa tatu 56. Someni tena hiyo: watu walewale "wasioweza", wakipewa kozi ya juu, walifaulu zaidi kuliko wenzao kwenye kozi ya chini! Na nyuma ya miaka mitatu, kundi la takwimu ndilo lilikuwa na waliomaliza diplome wengi zaidi.

Kisha zikafuata sheria. Florida mwaka 2013 ilifanya maandalizi kuwa ya hiari kwa wengi. Tennessee mwaka 2015 ikahamisha msaada uwe humohumo ndani ya kozi ya chuo. California ikapitisha sheria ya AB 705 mwaka 2017, na vyuo vikatakiwa kuitimiza kufikia 2019.

Nisiwafiche upande wa pili. Kuna walimu wanaosema kwamba tumewatupa vijana kwenye maji marefu. Wana haki kiasi. Jumla ya wanaofaulu ilipanda California, ndiyo, lakini ukiingiza watu mingi moja kwa moja, wanaoanguka nao wanakuwa mingi, na kuanguka kuna jina na sura. Pengo kati ya Weusi na Weupe halikufutika. Na kwa mwenye kutaka uinjenia, takwimu haisaidii kitu: huyo aljebra anaihitaji kweli, na leo ubishi umehamia kwenye kalkulasi, ile analize yetu. Mimi nasimama na wenye kufupisha, kwa sharti moja: zile saa za kusaidiwa ziwepo kweli, na mwalimu mwenye kulipwa. Bila hizo, ni kukata bajeti tu na kuiita mageuzi.

Mdogo wangu? Alifaulu kozi ya kwanza. Ya pili alijiandikisha, akaiacha katikati, depo ilipomhamishia zamu ya usiku. Ni mmoja wa wale 88. Miaka ikapita. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba chuo kile kimeondoa ngazi, hakiitishi tena testi. Akaniuliza kama ni aibu kurudi na miaka 31. Kabla sijamaliza kuandika jibu alinitumia picha ya ratiba: statistiki, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, na chini yake saa moja ya ziada na msaidizi.