Banda la Vioo: Kutoka kwa Kaisari hadi Uani Kwetu

Kila ufikapo mwezi wa Machi, sisi tunaoishi Uingereza huanza kuulizana kwa simu: mbegu za mchicha mmeshamwaga? Na bamia je? Wenye banda la vioo uani hujibu kwa majivuno kidogo. Leo banda hilo ni kitu cha kawaida, lakini historia yake ni ndefu, na sisi tumo ndani yake.

Pliny, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kuwa Kaisari Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37, alitaka matango mezani kila siku. Watunza bustani wake waliyapanda katika matuta yenye magurudumu. Jua likiwaka, yalisukumwa nje. Baridi ikija, yalirudishwa chini ya mabamba ya jiwe linalopitisha mwanga. Kanuni ni ile ile tuitumiayo: mwanga hupenya, udongo hupata joto, na hewa iliyopashwa haina pa kutokea.

Kanuni ilijulikana, ila kioo kilikuwa ghali. Uingereza ilitoza kodi ya kioo kwa uzito tangu miaka ya 1740 hadi ilipofutwa mwaka 1845. Kwa muda wote huo banda la vioo lilikuwa la matajiri. Miaka sita tu baada ya kodi kuondoka, Joseph Paxton, mtunza bustani wa Duke wa Devonshire, alisimamisha Crystal Palace ndani ya Hyde Park kwa karibu vioo 300,000. Hakusomea uhandisi darasani. Sisi tuliousomea hatuna budi kumpa heko.

Wakati huo daktari wa London, Nathaniel Ward, alikuwa amegundua kuwa mmea huishi ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa. Mwaka 1833 masanduku yake yalisafiri hadi Australia na mimea ikafika hai. Kwa masanduku kama hayo miche ya chai ilitolewa China ikapelekwa India. Kioo kikawa chombo cha dola.

Nasi tulichukuliwa chetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau huko Usambara, akapeleka mbegu kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa madukani Ulaya nzima, na Wajerumani bado hulitaja kwa jina la Usambara. Kule kwao porini, misitu ikikatwa, aina zake kadhaa zimo hatarini kutoweka. Watoto wetu hulipita dukani bila kujua kuwa ni ndugu yao.

Basi, wenzetu, banda tulitumie vyema. Machi na Aprili tuoteshe mbegu dirishani jikoni. Mwisho wa Mei, jalidi ikikoma, tuhamishie miche bandani. Julai tufungue madirisha na kupaka vioo chokaa, la sivyo mimea itaungua. Oktoba tuoshe vioo, na mpilipili tuuingize ndani.

Na kwenye rafu, kando ya bamia, tuweke chungu kimoja cha ua la Usambara. Majira ya baridi liingie nyumbani, maana halivumilii. Mtoto akiuliza limetoka wapi, tuwe na jibu.