Nguvu za Wakulima wa Kale

Sisi tukaao Pasiansi twaijua desturi ya wazee wetu. Kijana akiunyosha mgongo mapema shambani, huambiwa, "Ninyi si watu! Babu zenu walilima tangu alfajiri hata jua la utosi, wala hawakuomba maji." Leo nyumba za mji wa Mwanza zimefunika mengi ya mashamba yale, lakini maneno hayajafunikwa. Basi tumeona vema kuyapima.

Nguvu walikuwa nazo, hatukatai. Shamba la Usukumani lililimwa kwa jembe la mkono na kuinuliwa matuta. Na kabla ya majembe ya Ulaya, watu walitumia yale yaliyofuliwa na Warongo, wahunzi wa magharibi ya ziwa. Kiangazi wengi walijitwika mizigo ya ratili 60 na zaidi wakaenda pwani kwa miguu, kisha wakarudi kuiwahi mvua. Safari hizo zilikomeshwa na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928. Lakini waliokufa njiani kwa ndui au njaa hawakurudi wasimuliwe. Tunaowasikia ni wale waliosalia.

Tena wazee husahau kwamba siku hizo za sifa mtu hakulima peke yake. Vijana wa kijiji, chini ya mkubwa wao aitwaye nsumba ntale, walikwenda pamoja katika shamba la mtu mmoja. Walijipanga mstari, ngoma ikapigwa, wimbo ukaanza, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja. Aliyebaki nyuma alichekwa, na nani apendaye kuchekwa mbele ya wasichana? Mwenye shamba aliwalipa kwa chakula au mnyama wa kuchinja. Hata leo wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe yao juu kwa kuikumbuka kazi ile. Katika mstari kama huo mnyonge naye huwa hodari. Kijana anayelaumiwa leo yuko peke yake shambani, bila ngoma.

Na wanawake je? Masimulizi huwapita mbio. Nao walilima, wakapalilia, wakachota maji ziwani; na mlo wa wale mashujaa ulikuwa ugali wa mtama, uliosagwa kwa jiwe, mwanamke amepiga magoti, kabla watu hawajaamka.