Alamu za wizi za kujiundia, zile zisizo na waya: udhaifu uko wapi?

Wadau, mafundi wetu wanaojiundia alamu siwapingi hata kidogo. Vifaa vya kurusha na kupokea mawimbi ni bei poa, na mlango ukivunjwa king'ora kinalia kweli. Ninachoogopa ni kitu kimoja: mwenye nyumba akisikia kimya anajua yuko salama. Kimya hicho si cha kuamini, na sababu ni hizi.

1. Namba haibadiliki. Alamu nyingi za hivi zinatumia masafa ya megahezi 433.92 na chipu kama PT2262 au EV1527. Rimoti inarusha namba ileile kila siku. Mtu akiinasa mara moja unapozima alamu, anaweza kuirusha tena usiku na mtambo ukatii. EV1527 ina namba zaidi ya milioni moja, lakini wingi huo haumsumbui aliyekwisha kunasa ya kwako.

2. Maongezi ya upande mmoja. Sensa ya mlangoni inarusha tu, haijui kama imesikika. Masafa yakijazwa kelele, au betri ikifa, mlango unafunguliwa na king'ora hakina habari.

3. Umeme. Ukikatika na hakuna betri ya akiba, kazi imeisha.

Tena msiwacheke mafundi wa mtaani. Februari 2016 mtafiti Andrew Zonenberg wa IOActive alionyesha kuwa alamu za SimpliSafe za Marekani, zilizokuwa sokoni wakati huo, zingeweza kuzimwa kwa kunasa na kurudia mawimbi yake.

Dawa ninayoshauri:

- Rimoti iwe na namba inayobadilika kila ukibonyeza. Si ngao kamili, maana mwaka 2015 Samy Kamkar alionyesha jinsi ya kuikwepa. Bora zaidi mtambo utoe swali jipya kila mara, rimoti ijibu kwa ufunguo wa siri.
- Sensa iripoti kila baada ya dakika chache. Ikinyamaza, mtambo upige kelele.
- Mlango mkubwa vuta waya tu.
- Weka betri ya akiba.

Kipimo rahisi: leo jioni chomoa betri ya sensa moja. Mpaka asubuhi mtambo haujalalamika? Basi jibu unalo.

Mafundi mliopo, mwageni utaalamu hapo chini.