Tembo Mweupe Katika Soko la Tala

Mkulima wa Tala, katika Machakos, asikiapo redioni kwamba jengo fulani la umma ni "tembo mweupe", huenda akayaelewa maneno yote mawili asielewe lililosemwa. Asili ya nahau hiyo ni Siam. Inasimuliwa kwamba mfalme alipotaka kumfilisi mtu wa baraza lake alimtunukia tembo wa rangi hiyo, mnyama mtukufu asiyefanyishwa kazi, ambaye malisho yake yalimla mwenyewe mali yote. Waingereza walikiokota kisa, wakabaki na jina.

Huku Ukambani ndovu alijulikana kwa sababu nyingine. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe Mombasa. Mashuhuri kati ya wakuu wake alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye Krapf alimzuru mwaka 1849. Kwa watu hao ndovu, awe mweupe au mweusi, alikuwa faida. Nako pwani tembo ni kinywaji pia, tena cheupe kweli. Upatanisho wa sarufi tu ndio umtofautishao mnyama na tembo la mnazi.

Kiswahili, basi, kiliwafikia Wakamba kwa njia ya biashara. Nahau hizi zilipita njia nyingine: meza ya mfasiri wa habari, na Bunge, ambalo lilianza kujadiliana kwa Kiswahili mwaka 1974 ilhali miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Ndiko tulikopata "mwisho wa siku", hata kwa jambo linaloamuliwa asubuhi.

Si haki kuzilaumu zote. "Vita baridi" imekwisha kuwa Kiswahili. "Mbuzi wa kafara" nayo ina neno la Kiingereza nyuma yake, lililobuniwa na Tyndale mwaka 1530 alipotafsiri Mambo ya Walawi; Biblia ya Kiswahili ya 1952 haikumfuata, ikaliacha jina Azazeli. Hata hivyo nahau ilikuta uwanja umeandaliwa: kafara ilikuwa desturi ya pwani, na Lamu ng'ombe amekuwa akizungushwa mjini kabla ya kuchinjwa.

Tembo mweupe hakukuta uwanja. Aliyeichangia zahanati kwa harambee, na zahanati ikabaki kuta bila dawa, huambiwa kwa nahau hiyo kwamba anacho kitu kikubwa na cha nadra. Neno "gofu" lingemweleza hali ya jengo lake, naye angeuliza fedha zilikwenda wapi.